Saa Sita ya Fundi Benjamini

Gari likianza kulia mbele ya injini, linataka moja kati ya mambo mawili: oili au cheni. Mwenye gari husema oili, kwa kuwa oili ni rahisi. Fundi mjanja naye husema oili, kwa kuwa anataka kumwona mteja tena. Benjamini Chilumba alisema cheni pale ilipokuwa cheni, na kwa hilo watu wengi Kariakoo walimwona mtu mgumu.

Nilimfahamu kwa biashara. Mimi hununua gari lililokufa, nikalichinja, kila kiungo kikauzwa peke yake. Yeye alikuwa fundi wa Harilal, Mhindi mwenye gereji nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Alikuwa Mmakua wa Masasi. Ufundi aliupatia Nachingwea kwenye matrekta ya mradi wa karanga, na mradi ulipokufa akapanda lori la mizigo kuja Dar es Salaam na mkewe, Severa. Harilal alimpa kazi, na pamoja na kazi akampa chumba uani, nyuma ya gereji. Mtu akikupa kazi na chumba kwa mkono mmoja, ujue siku akiuvuta mkono ule atavuta vyote viwili. Nilimwambia hivyo mapema. Akanijibu kwamba chumba hakivuji.

Hawa wawili walikuwa na namna yao ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwingine. Mikono ya Harilal ilikuwa imeanza kutetemeka, hawezi tena kushika nati ndogo, lakini vitabu vya magari alikuwa navyo vingi, vyote vya Kiingereza. Benjamini alisoma misheni, Kiswahili chake cha kusoma kilikuwa safi, ila Kiingereza hakukipata. Basi Harilal hukaa juu ya kreti tupu la soda, kitabu magotini, akasoma kimoyomoyo na kutamka kwa Kiswahili. Benjamini huku kichwa kimezama ndani ya boneti, mikono inafanya kinachotamkwa. Ukipita njiani ungedhani mzee anamsomea mgonjwa dua. Kitabu kilikuwa cha mmoja na mikono ya mwingine, na gari lilitoka zima.

Mwaka mmoja, mvua za masika zilipojaza maji Jangwani, alikuja Sadalla na teksi yake. Sadalla alikuwa dereva na mwenye gari kwa wakati mmoja, jambo ambalo si wengi walilifikia siku zile, na gari hilo moja ndilo lililokuwa likilisha nyumba yake na ya dada yake. Mdomo wake haukuwa na breki. Alijifanya mtani wa kila kabila ili asidaiwe adabu na yeyote.

Gari lilikuwa linatetema kwa mbele likiwa limesimama, kama debe lenye njugu mawe. Likikimbia, sauti inapungua. Asubuhi lilikuwa gumu kuwaka, na kwenye kilima lilikuwa likikohoa kupitia kabureta. Benjamini alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye kifuniko cha mbele ya injini, mpini akauweka sikioni. Akasikiliza. Kisha akazima, akafungua kifuniko cha distribyuta, akamwita Sadalla aje atazame mle ndani, palipo na kile kidole kinachogawa moto wa plagi.

"Mimi nazungusha pulii ya chini, wewe tazama kidole," alimwambia.

Akaizungusha pulii kwa spana, kidogo mbele, kidogo nyuma. Kila alipogeuza upande, kidole kilikaa kwanza, ndipo kikafuata.

"Umeona? Chini naita, juu wanachelewa kuitika. Hapo katikati ndipo cheni yako ilipolegea."

Kwa asiyejua: ndani ya injini mna vyuma viwili vinavyozunguka. Cha chini ni krenki, kinachozungushwa na pistoni. Cha juu ni kemshafti, kinachofungua na kufunga vali. Cheni imeviunganisha, ili vali zifunguke kwa wakati wake, pistoni ikiwa mahali pake. Cheni ikilegea, vali zinachelewa. Ikikatika, au ikifungwa vibaya, vali na pistoni hukutana njiani, na hapo hapana suluhu.

Sadalla hakupendezwa. Kufika kwenye cheni ni kutoa rejeta, kutoa feni, kutoa pulii na kufungua uso wote wa injini.

"Wewe Mmakua kila kitu unataka kupasua," alisema. "Ungekuwa daktari, Kariakoo asingebaki mtu na utumbo wake."

"Na wewe ungekuwa mgonjwa, ungekwenda kwa anayepaka mafuta tu."

Walicheka, lakini Sadalla hakumwachia gari; alitaka fundi wa bei nafuu. Alilipeleka gari kwa shemeji yake, fundi baiskeli, karibu na bonde la Jangwani. Yule bwana aliifungua injini akafika hadi kwenye cheni, akaitoa pamoja na gia zake mbili, kisha akatazama shimo aliloliona na moyo ukamtoka. Gari lilirudi kwa Harilal likivutwa kwa kamba, cheni na gia zikiwa ndani ya debe la mafuta ya taa.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Fundi anayeifungua injini mwenyewe huzipanga alama kwanza, ndipo akatoa cheni. Kila gia ina nukta iliyochongwa, na nukta hizo ndizo zinazokuambia gia ya chini na ya juu zikae vipi. Hii ilikuja imekwisha kuchanganywa, krenki imegeuzwa, kemshafti imegeuzwa, hakuna ajuaye nini kilikuwa wapi. Na injini yenyewe ilikuwa ya aina mpya, Benjamini hajaifungua hata mara moja. Ilibidi kisomwe kitabu.

Cheni mpya walichukua kwangu. Lakini wiki ile Harilal hakuwapo. Mkewe, Lalita, alilazwa hospitali, hali yake si nzuri, na mzee alikuwa akishinda kwenye benchi la nje ya wodi. Kreti la soda alikuwa amemwachia Rajnikant, mtoto wa nduguye, aliyeteremka melini kutoka Bara Hindi si muda mrefu nyuma. Ilikuwa inajulikana kwamba yeye ndiye atakayerithi gereji, kwani Harilal na Lalita hawakujaliwa mtoto. Kijana hakuwa mjinga wala hakuwa na dharau. Alikuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii, na hesabu ndiyo aliyoishika vizuri kuliko yote, moja mpaka mia bila kukwama. Na hesabu ndiyo iliyowaangusha.

Alisoma kitabu, akatamka: gia ndogo ya chini, alama yake ikae saa kumi na mbili. Gia kubwa ya juu, alama yake ikae saa sita.

Benjamini akaweka. Nukta ya chini ikatazama chini, kwenye sampu, bakuli la oili. Nukta ya juu ikatazama juu, kwenye boneti. Zikapeana migongo.

Hakuridhika. Injini karibu zote alizowahi kufunga, nukta zilikuwa zikitazamana. Lakini Nachingwea aliwahi kuona trekta ambalo alama zake zilikaa kwa namna nyingine, na Harilal mwenyewe alizoea kusema kwamba kila injini ina mila ya kwao. Akauliza mara moja, saa kumi na mbili? Rajnikant akarudi kwenye mstari, kidole juu ya karatasi, akajibu kwamba ndiyo, kumi na mbili, na ya juu ni sita. Kijana hakudanganya. Ndivyo ilivyoandikwa.

Benjamini akavalisha cheni, akafunga.

Alikuwa na desturi nyingine, ambayo nilimwona akiifanya kila mara: kabla ya kuwasha injini aliyoifunga, aliizungusha kwanza kwa hendeli, polepole, plagi zikiwa nje, akisikiliza kwa kiganja kama kuna kitu kinagusana. Siku ile aliiacha. Aliniambia baadaye kwamba Sadalla alikuwa amekwisha kupita mara kadhaa kuuliza, na kijana alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, na kwamba hizo si sababu.

Rajnikant akapiga stata. Injini ilitoa mlio mmoja mkavu, ikanyamaza.

Mimi niliitwa kwa sababu ya vipuri. Nilipofika, uso wa injini ulikuwa wazi tena, na Benjamini alikuwa ameshika fito mbili za kusukuma vali, zimepinda kama upinde wa mtoto. Vali moja nayo imekunjika shingo. Hakuna aliyekuwa akigomba. Kijana alikuwa amekaa juu ya kreti, kitabu kimefunguka magotini, akiusoma mstari uleule.

Benjamini akamwomba asome tena, kwa sauti. Akasoma: kumi na mbili, sita.

Mimi nina saa ya mkononi, ya Kizungu kama saa zote. Nikaivua, nikampa kijana, nikamwambia anionyeshe saa sita. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye tarakimu ya sita. Nikamwambia Benjamini naye anionyeshe saa sita. Akaweka kidole juu kabisa, pale mishale inapokutana jua likiwa utosini.

Walitazamana, na saa ile ikiwa kati yao.

Kitabu cha Mzungu kinahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Sita yao ni kumi na mbili yetu, na sita yetu ni kumi na mbili yao. Harilal alikuwa ameishi Dar es Salaam maisha yake yote. Alikuwa akizigeuza saa kichwani pasipo kujua kama anazigeuza, kama mwanamke anavyogeuza chapati huku akizungumza. Alipomwachia kijana kitabu, hakumwachia na hilo.

Harilal alirudi jioni kutoka hospitali, uso umemshuka. Rajnikant alimweleza kwa Kigujarati, hakuficha neno, nadhani, kwa maana alieleza akiwa amesimama na macho chini. Mzee akazitazama fito, akanitazama mimi, akauliza kama ninazo nyingine. Nilikuwa nazo. Akauliza Sadalla atakuja lini. Atakuja kesho. Kisha akamvuta Benjamini pembeni, karibu na pipa la oili chafu, na mimi sikuondoka, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke.

Alisema kwa upole. Alisema Lalita hatatoka hospitali karibuni, na akitoka hatakuwa yule wa zamani; nyumba aliyokuwa akiijenga Upanga ataimaliza kwa ajili yake, gereji atamwachia kijana. Wateja wakisikia kwamba kijana ndiye aliyevunja injini ya kwanza aliyoisimamia, hawatamletea ya pili. Basi mbele ya Sadalla kosa liwe la Benjamini. Gari litatengenezwa bila malipo, mambo yataisha.

"Jina lako ni kubwa, Benja. Linaweza kubeba," alisema. "La mtoto halijaota hata meno."

Hoja ile ilikuwa nzuri. Mimi ni mtu wa bei, najua hoja nzuri nikiiona. Na ilikuwa na kitu nyuma yake ambacho hakukitamka: kazi na kile chumba cha uani.

Benjamini alipangusa mikono kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole.

"Bwana Harilal," alisema, "spana zote humu ni zako. Hendeli ni yako, jeki ni yako, hata tambara hili ni lako. Chombo changu humu ndani ni jina tu. Ukilichukua hilo, nitafanya kazi na nini?"

Nami nikamwita Benjamini kando, nikamwambia kwa Kiswahili cha sokoni. Jina ni mali inayoweza kutengenezwa upya, chumba Kariakoo hakipatikani. Sadalla ni mtu mmoja. Chukua kosa, udai kwa hilo kitu kingine, uombe hata cheo cha msimamizi. Mzee leo yuko chini, hatakunyima. Ndivyo nilivyomwambia, na angekuwa mtu mwingine angeniuliza jinsi ya kuomba.

Yeye alirudi kwa mzee na bei yake mwenyewe.

"Nitabeba nusu," alisema. "Niliona nukta zimepeana migongo, nikanyamaza. Sikuizungusha kwa hendeli. Hiyo ni nusu yangu, nitaisema mwenyewe, sitaipunguza. Nusu ya pili ina mwenyewe."

"Na kama mwenyewe hana mdomo?"

"Basi ikae bila mwenyewe. Lakini haitakuwa yangu."

Nimeona watu wakipatana bei ya ng'ombe, ya shamba, ya mahari. Sijawahi kuona watu wakipatana bei ya kosa, na wote wawili wakijua thamani yake kiasi kile. Harilal alitoa, Benjamini akakataa. Harilal akapunguza, akasema basi aseme tu kwamba gereji ilikosea, bila jina. Benjamini akasema gereji haina mikono. Muezini wa msikiti wa jirani akaadhini magharibi, na mzee akasema anarudi hospitali. Hawakupeana mkono.

Usiku ule, Severa alifunga vyombo kwenye vikapu viwili. Hakuambiwa. Alisikia kupitia ukuta.

Sadalla alikuja asubuhi. Benjamini alikuwa kazini tangu alfajiri, amenyoosha kila kitu, ameweka fito zangu na vali niliyoitoa kwenye gari moja lililopinduka njia ya Morogoro. Hakufunga uso wa injini. Cheni ilikuwa imevalishwa, nukta zote mbili wazi. Harilal alikuwa amekaa kwenye kreti lake, Rajnikant amesimama nyuma yake.

Sadalla alisalimia, shikamoo mzee, akaitikiwa marahaba, kisha akaona injini bado imeachama.

"Kumbe bado tumbo liko nje," alisema. "Nilisema mimi. Mmakua hashoni."

Benjamini hakuuchukua utani. Alimwambia asogee, akamwonyesha fito zilizopinda, akamweleza alichokiona na alichokinyamazia, na hendeli ambayo hakuizungusha. Akasema hiyo ni nusu ya kosa, na ni yake.

Sadalla, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania. Gari lile lilikuwa mkate wa nyumba mbili.

"Na nusu nyingine?" aliuliza.

"Mimi si msemaji wake."

Benjamini akarudi kwenye injini, akashika kifuniko, hakukifunga. Mwenye mkokoteni alipita nje akipiga kelele apishwe. Rajnikant alimwinamia ami yake sikioni, akaanza kusema kitu. Mzee akainua mkono uleule unaotetemeka, akamzuia.

"Nusu nyingine ni yangu," Harilal alisema. "Nilimwachia kitabu mtu ambaye sijamfundisha saa za watu wa hapa."

Haikuwa ile nusu aliyoidai Benjamini, wala haikuwa ile aliyokuwa akiificha mzee. Ilikuwa katikati, mahali bei nyingi huishia. Benjamini aliipima, nilimwona akiipima, kisha akatikisa kichwa kukubali. Akamwita Sadalla ainame atazame ndani: nukta ya chini imetazama juu, ya juu imetazama chini, macho kwa macho. Sadalla aliinama, akaona. Ndipo Benjamini akafunga. Akaizungusha kwa hendeli, polepole, kiganja kikisikiliza, zaidi ya ilivyohitajika. Injini iliwaka bila kutetema. Sadalla akaliendesha gari hadi Jangwani, akapanda mwinuko kwa gia ya juu, akarudi akisema halikohoi.

Wapo watakaodhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Harilal hakumtukana Benjamini wala hakumkasirikia. Lakini mtu uliyemfanya aseme mbele ya watu jambo ambalo hakutaka kulisema, hawezi kukutazama kila asubuhi. Lalita alifariki kabla ya mvua za vuli. Walimchoma kwa taratibu za dini yao, Benjamini akaenda na kusimama mbali, na baada ya matanga mzee akahamia Upanga. Rajnikant alipoishika gereji, mzee alituma salamu kwamba chumba cha uani kitahitajika kwa kuwekea matairi. Vikapu vya Severa vilikuwa bado havijafunguliwa vyote.

Kwa hiyo hesabu yangu ya siku ile haikuwa mbaya. Alipoteza kazi, akapoteza chumba, kama nilivyomwambia. Alihamia kando ya ukuta mtaani Gerezani, mahali pa wazi, jua na mvua vyake, akichukua spana kwangu moja moja kadiri alivyoweza. Baadhi ya wateja walimfuata, wengi hawakumfuata. Sadalla alimfuata, akimtukania kabila lake kila alipoleta gari.

Lakini alipata desturi mpya kule, nayo imeenea kwa mafundi wa ukuta ule hata wasiojua ilikotoka. Hafungi injini ya mtu mpaka mwenye gari mwenyewe ainame na kuona nukta mbili zikitazamana. Awe dereva wa lori, awe karani, awe bibi harusi na kanga zake mpya, atainama. Na mbele ya injini hakuna anayetaja saa. Husema juu, husema chini, husema macho kwa macho.

Siku moja nilikuwa pale nikidai spana yangu lilipokuja gari dogo kutoka Upanga. Alishuka Rajnikant, sasa ana kitambi kidogo na Kiswahili kama chetu. Hakueleza kwa nini gari lililolia mbele halikutengenezwa kwenye gereji yake mwenyewe, wala Benjamini hakuuliza. Alifungua, akabadilisha cheni, akazipanga alama, akarudi nyuma hatua moja.

Rajnikant alikunja mikono ya shati, akainama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ya chini saa sita," alisema. "Ya juu saa kumi na mbili. Saa za hapa."

Benjamini akamkabidhi kifuniko ashike, yeye akaanza kutafuta nati.